Taa za Verlyn Tveit

Msafara wa mazishi ya Duane Brekke ulifika makaburini saa tano na robo asubuhi, magari thelathini na mawili, yote yamewasha taa mchana kweupe kama desturi inavyotaka. Orpha Lindgren alikuwa amesimama langoni, skafu kichwani, akingoja kufanya kazi yake.

Kazi hiyo hakupewa na mtu. Wenye msiba hushuka garini huku mawazo yako kwenye jeneza, wakasahau taa, na wakirudi wanakuta betri imekufa. Kwa hiyo kwa miaka thelathini na moja Orpha alikuwa akipita gari baada ya gari. Alifungua mlango, akazima taa za nje, akazima ya ndani, akafunga polepole ili mlango usipige kelele mchungaji akisoma. Hapo Norvik hakuna aliyefunga gari kwa ufunguo. Katika gari la mjane alikuta glavu moja ya kiume imeanguka sakafuni, akaipangusa vumbi na kuirudisha kwenye kiti.

Gari la ishirini na sita lilikuwa pikapu nyeupe ya Verlyn Tveit, mwenye ghala la nafaka. Orpha akazungusha swichi. Taa hazikuzimika. Akachomoa ufunguo, nazo zikaendelea kuwaka, za mbele, za nyuma, na ile ndogo ya ndani, juu ya kichwa cha dereva. Baada ya sala, Curtis, mwana wa Orpha, alifungua boneti, akatoa betri akaiweka kwenye nyasi. Taa zikawaka vilevile.

"Haya basi," akasema Curtis. "Yamekuwa ya meneja wa benki."

"Lile gari lake lilikuwa la bluu," akasema mzee mmoja nyuma yake.

"Nimekuuliza rangi, mzee?"

Watu wazima wote wa Norvik walilikumbuka. Meneja wa benki alikwenda kumzika mkulima fulani, na taa za gari lake zikawaka miaka sita, mpaka siku aliposimama kanisani akasema alichomfanyia marehemu. Zilizimika hapohapo, huko nje alikokuwa ameliegesha. Kwa hiyo maana yake ilijulikana. Watu wakamtazama Verlyn, kisha wakatazama viatu vyao, kisha wakarudi kanisani kula mikate ya nyama ya nguruwe na viazi vya kuoka. Ndani ya maili arobaini kulikuwa na ghala moja tu la kupelekea ngano.

Karatasi ya mkaguzi wa kazi ilisema kwamba Duane, mfanyakazi wa Verlyn, aliingia ghalani bila kumwambia mtu, wakati mashine ya kutolea nafaka inazunguka chini, na ngano ikamvuta ikamfunika. LaVonne, mjane wake, hakutaka kingine chochote ila sentensi hiyo ifutwe.

"Duane haendi hata chooni bila kuaga," alimwambia Orpha wakisuuza vikombe. "Miaka ishirini na miwili. 'Naenda chooni, Vonnie.' Namwambia, nenda baba, nani kakuzuia? Leo ndiyo aingie kwenye ngano kimyakimya?"

"Haiwezekani," akasema Orpha.

"Basi nataka paandikwe kwamba aliaga. Mkaguzi anarudi Alhamisi."

Jumatano jioni Verlyn alimrudisha Orpha nyumbani pamoja na masufuria yake aliyoyaacha kanisani. Alikuwa mtu mwema kwa mengi. Kila theluji ilipoanguka, alimwondolea mlangoni kabla bibi huyo hajaamka, wala hakuwahi kulitaja jambo hilo. Akasimamisha gari mbele ya nyumba. Taa ya ndani iliwamulika wote wawili.

"Mimi ndiye niliyemwambia aingie," akasema Verlyn. "Ngano ilikuwa imegandamana na treni inangoja. Akaniuliza, 'Nizime mashine kwanza?' Nikamwambia acha, ni dakika tano tu."

Taa ya ndani ikazimika. Wakakaa gizani, wakiutazama uzio wa Orpha ulivyomulikwa na taa za mbele.

"Afadhali," akasema Verlyn. "Ile ilikuwa inaniumiza macho."

"Hizi za nje itabidi uzisemee nje, Verlyn."

"Nikisema nje, ghala linafungwa. Curtis atapeleka wapi ngano yake, Bibi?"

Orpha akakumbatia masufuria yake. Verlyn akashuka upesi akamshika mkono mpaka barazani, kwa sababu njia ilikuwa na barafu.

Alhamisi mkaguzi alikuja ghalani, mwanamke mwenye koti la kijani na mafua. Aliizunguka pikapu mara mbili.

"Betri yake iko wapi?"

"Kwangu, jikoni," akasema Curtis.

Mkaguzi akapekua karatasi zake. "Fomu yangu haina mahali pa taa," akasema, akapenga kamasi. Kisha akamgeukia Orpha. "Bibi, nasikia wewe ndiye uliyejaribu kuzizima. Una la kuongeza?"

LaVonne alikuwa amesimama karibu, amevaa koti la Duane, mikono imepotelea ndani ya mikono ya koti. Wakulima walikuwa wamepanga malori yao foleni, na la Curtis lilikuwa la tatu, limejaa. Orpha alimtazama mwanawe. Curtis alikuwa anatazama tairi.

"Mimi huzima taa tu, mwanangu," akasema Orpha. "Hizi zimekataa."

Mkaguzi akamshukuru, akampa karatasi yake laini moja ya kujifuta, maana bibi alikuwa anatokwa na machozi, na upepo ulikuwa mkali. Sentensi ikabaki ilivyokuwa.

Majira ya baridi yakaingia. Wakulima wakapakua ngano za mwisho kwa mwanga wa pikapu ile. Polisi wa wilaya akamwandikia Verlyn barua ya kumruhusu kuendesha hivyohivyo. Usumbufu ulikuwa mmoja tu, kwamba nyumba ya LaVonne ilitazamana na ghala, na mwanga uliingia chumbani kwake. Verlyn alijaribu kuliegesha gari nyuma ya jengo, lakini mwanga ulizunguka kona. Akanunua kitambaa kizito, Orpha akashona mapazia ya tabaka mbili, na Jumamosi moja saa kumi na moja jioni wakaenda kuyatundika.

"Yamekaa sawa?" Verlyn aliuliza kutoka juu ya ngazi.

"Kushoto kidogo," akasema LaVonne.

Akasogeza. Akayavuta yakakutana. Chumba kikawa giza tupu, na hakuna aliyemwona mwenzake.

"Sasa mnaweza kusema," akasema LaVonne taratibu. "Yeyote kati yenu. Sitawaangalia."

Jikoni kahawa ilikuwa inachemka. Ngazi ililia mara moja, Verlyn alipohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

Orpha akapapasa ukuta, akaipata swichi, akawasha taa.

LaVonne akawashukuru wote wawili. Akawamiminia kahawa, na kipande kikubwa cha keki akampa Verlyn, kwa kuwa ndiye aliyepanda ngazi.