Asante Iliyonikwama

Ninasinzia kanisani, Jumapili ya Mavuno, wifi yangu Ndeshukuru akiwa bado amesimama mbele na magongo yake. Ni dada wa mume wangu. Mwaka huu amekatwa mguu kwa kisukari, na bado ameleta mkungu wa ndizi na kusema, Bwana asifiwe, amenibakishia mmoja. Kanisa zima linapiga vigelegele. Mimi nina miguu miwili, mume, watoto wanne wenye afya, na kifuani nina kaa la moto. Sizionei wivu ndizi zake, ninauonea wivu ule mdomo unaoshukuru bila kusukumwa. Ninafumba macho kidogo tu nisimtazame, na benchi linakuwa barabara.

Ninatembea, barabara inajikunja, inarudi, inakwenda tena, na pande zote ni mji wa vioo, kuta za vioo, milango ya vioo, na katika kila kioo yumo Ndeshukuru. Hapa anachota maji akishukuru, pale anapepeta mahindi akishukuru, kule amelala hospitalini, shuka limelala bapa pale mguu ulipokuwa, na anashukuru. Ninajitafuta mimi, simo. Mtu asiye na uso, laini kama yai lililomenywa, anafuatana nami. Ninamuuliza, Nyumba yangu iko wapi? Umeipita mara saba, anasema. Mbona siioni? Asiyeitikia hodi atamwonaje mgeni? Ninakasirika, ninasema, Huyu mwanamke ana nini cha kushukuru kunizidi mimi? Ananijibu, Kukuzidi wewe, hana. Na jibu hilo linaniuma kuliko tusi. Ninaokota jiwe, ninakipiga kile kioo cha hospitali, kinapasuka, na nyuma yake ninaona chumba changu mwenyewe, mimi nimeshika kitanda kwa uchungu wa kitinda mimba wangu, mvua imekata barabara, mume yuko safarini, na Ndeshukuru anafunga khanga kiunoni na kushuka mlima kwa miguu, matope hadi magotini, kwenda kumleta mkunga. Miguu miwili. Ninaitazama ikishuka, ikiteleza, ikiinuka. Mtoto yule sasa ana miaka tisa na sijawahi kumwambia wifi asante, maana watu walimsifu sana siku ile, nikaona sifa zile zimemtosha. Ninapiga magoti juu ya vigae vya kioo. Ninasema, Mungu, asante kwa Ndeshukuru, na neno linatoka kama mwiba wa samaki kooni. Ninamuuliza asiye na uso, Shukrani yenye wivu ndani yake hupokelewa? Anasema, Mtoto huzaliwa na damu, nani amewahi kumkataa?

Mtu ananitikisa bega. Wifi, ananong'ona Ndeshukuru, sasa amekaa kando yangu, wifi, umesema kwa sauti. Kanisa zima limegeuka. Nimesema nini? Umemshukuru Mungu kwa ajili yangu, anasema, na machozi yanamtoka. Ninamtazama, na kaa bado limo kifuani, kwa sababu hata kulia analia vizuri. Asante kwa mkunga, ninamwambia. Ninamshika mkono nijue kama ni mtu. Ni wa moto. Lakini sakafu, chini ya viatu vyangu, bado inatembea kama ile barabara.