Kichwa cha Kuku Kilimtazama Bosi

Katika kiwanda cha miavuli cha Bosi Yeh, kule Changhua nchini Taiwan, karamu ya kufunga mwaka iliwapa watu tumbo joto. Si kwa ubaya wa chakula, bali kwa sababu ya kuku. Huletwa mezani mzima na kichwa chake, na kikimwelekea mtu, huyo ajue baada ya sikukuu ya mwaka mpya asirudi kazini. Ndiyo njia ya mababu ya kumfukuza mtu bila kufungua mdomo. Mabosi wa siku hizi hujigeuzia kichwa hicho wao wenyewe, ishara kwamba hakuna anayefukuzwa, watu wakala kwa raha.

Mwaka huo aliyekosa hamu ya kula alikuwa meneja, Kan Suhui. Asubuhi Bosi Yeh alikuwa amemwita ofisini na kumwambia kwamba idara ya njiti za miavuli itafungwa, na fundi wake mkuu, Tu Chingfa, ataachishwa kazi.

"Ila usimwambie sasa," bosi alisema. "Mwache ale sikukuu kwa amani. Huo ndio utu."

Utu gani huo! Chingfa ndiye aliyemfundisha Suhui kazi alipofika kiwandani akiwa msichana asiyejua hata kushika bisibisi. Na jioni ile ndiye aliyeketi ubavuni pake.

"Hui, kula basi! Au unajikondesha uzeeni?"

"Nimeshiba, Kaka Fa."

"Umeshiba nini, upepo?"

Suhui akajichekesha, akampakulia supu.

Kuku akafika. Bosi Yeh akasimama na kuizungusha sahani polepole, kwa madaha. Kichwa kikampita mhasibu, kikampita Chingfa, kikatua kwa bosi mwenyewe. Makofi yakalipuka. Kuku wa watu, maskini, kafa na bado anatumwa kusema uongo.

Chingfa alipiga meza kwa furaha. "Umeona? Wasiwasi wangu wa bure tu! Kuo wa Tainan ananitaka nikasimamie karakana yake ya mahema. Anataka jibu leo, kesho anampa mwingine. Sasa naenda kumwambia hapana. Mtu hahami kwake." Akatoka na simu mkononi.

Wahenga walisema ukila na kipofu usimguse mkono, na Suhui alikuwa amekula naye jioni nzima. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Akainuka, karibu aangushe kiti, akamkuta Chingfa kwenye ujia wa jikoni, simu tayari sikioni.

"Kaka Fa, kata!"

Chingfa akakata. "Kuna nini?"

Suhui alikuwa na maneno mazuri ya kimeneja, mabadiliko, mipango mipya. Yote yakamnukia uvundo.

"Unaachishwa kazi. Baada ya sikukuu. Idara yako inafungwa."

"Umejua lini?"

"Asubuhi."

"Na ukanipakulia supu!"

"Ndiyo. Nisamehe."

Chingfa aliegemea kreti za bia. Uso ulimwiva, akatukana kwa Kitaiwani tusi ambalo Suhui alikuwa hajalisikia tangu bibi yake afariki. "Yule mzee angeniacha nimkatae Kuo, halafu anitupe!" Kisha mabega yakamshuka, akavuta pumzi ndefu. "Miezi yote hii nasikia mashine zikipungua, Hui. Nikiuliza, watu wananichekea. Nilidhani nimeanza wazimu."

"Hukuwa na wazimu."

"Asante." Alilisema kwa moyo wake wote. "Na bosi akijua umeniambia?"

"Nitamwambia mwenyewe. Nikitoka hapa."

Alipolitamka hilo, Suhui alihisi kifua kimefunguka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Hofu ilikuwapo bado, lakini hofu hiyo aliimudu.

Chingfa akapiga simu. Suhui akasogea karibu apate kusikia.

"Kuo? Hiyo nafasi bado ipo?" Akasikiliza, kisha meno yake yote yakaonekana. "Nakuja basi! Nini? Hapana bwana, sijaacha kazi. Nimefukuzwa!" Wahudumu wakageuka na masahani yao kumtazama. "Nimefukuzwa, nakwambia! Nimeambiwa sasa hivi, waziwazi, ana kwa ana!"

Alitangaza kama mtu aliyepata mtoto wa kiume, na Suhui akacheka hadi machozi yakamtoka.