Udongo Kwenye Ngazi

Ufagio mfupi wa njiti ulisafiri ndani ya begi la mama mmoja, umeviringishwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Mkwewe alipoufungua siku ile ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama jamani! Umevuka dunia nzima na ufagio? Huku kuna mashine. Unabonyeza tu, inavuta yenyewe."

"Basi ivute," akasema yule mama. "Mimi huu ndio mkono wangu."

Pale nyumbani walimwita Bibi, kwa sababu ya mjukuu. Hata mwanawe alimwita hivyo akiwa na furaha; akiwa amechoka alimwita mama. Siku hizi alikuwa mama tu.

Mwanawe alimchukua baada ya kumzika baba yake. Kijijini walisema Bibi ameula. Wakamsindikiza mpaka barabarani na nyimbo, na yeye akapunga mkono huku moyoni akimwambia Mungu kwamba yeye hakuomba hili, lakini hakatai. Akafika akakuta vyumba viwili ghorofa ya nne, dirisha linatazama ukuta wa jirani, na baridi inayopenya hata kwenye soksi. Kabla jua halijatoka mwanawe alikuwa ameshakwenda ghalani, anakoendesha kile kigari cha kunyanyua mizigo. Mkwewe naye alikwenda kufua mashuka hospitalini, akimwacha mtoto shuleni njiani. Nyumba ikabaki na Bibi na friji, na kati yao wawili friji ndiyo iliyokuwa ikiongea.

Alijaribu kusalimia watu kwenye ngazi. Wengine walitazama viatu vyao. Mwanamke mmoja mwenye mbwa alimhamisha mbwa upande wa pili, Bibi asijue ni yeye anayeepushwa na mbwa au ni mbwa anayeepushwa na yeye.

Kitu kimoja kilimwasha tangu wiki ya kwanza, nacho ni ngazi za jengo. Kwao uwanja hufagiliwa kabla jua halijachomoza, na si kwa ajili ya usafi peke yake. Uwanja ukikutwa na jua haujaguswa, maana yake ndani kuna mgonjwa, au kuna maiti, na jirani wa kwanza kuona huja kupiga hodi bila kuitwa. Asubuhi ile mumewe alipokata roho, Bibi hakupiga yowe wala hakumtuma mtu. Hakufagia, basi. Jua lilipofika kwenye mlango wa jiko, watu walikuwa wameshajaa.

Sasa yeye, mtu wa namna hiyo, angewezaje kuamka, kusali, kisha kukaa akitazama ukuta?

Siku aliyofungua mlango na ufagio mkononi, akasikia mtu chini anasema peke yake, tena kwa Kiswahili kitupu.

"Mtu mzima na meno yake anazimia sigara ukutani! Ukuta umekukosea nini, eti? Ukuta umekukosea nini?"

Bibi akashuka mbio mbio, yeye asiyekimbia hata mvua. Akamkuta mwanamke wa makamo, ndoo pembeni, kitambaa kichwani, anasugua ukuta huku amekunja uso.

"Hujambo, mwanangu."

Yule mwanamke akaangusha tambara lake kwenye ndoo. Akamtazama kuanzia miguuni. "Ala! Sijambo, Bibi. Shikamoo. Umetokea wapi wewe?"

"Ghorofa ya nne."

"Nimeona. Kabla ya ghorofa ya nne?"

Wakacheka wote wawili, na Bibi akageuka kidogo afute macho.

Ndiyo ikawa hivyo. Mama Ndoo, kama mjukuu alivyombatiza, alikuja kila asubuhi ya kazi. Bibi alishuka na chupa ya chai. Mama Ndoo alisimulia juu ya binti yake aliyemwachia dada yake kwao, ambaye sasa kwenye simu anaongea naye kama anavyoongea na mwalimu. Bibi alisimulia juu ya mumewe, alivyokuwa mbishi hata na dawa. Asubuhi ile moja ya chai ilimtosha mpaka jioni. Mkwewe aliona, akasema, "Mama siku hizi una rangi."

Lakini Mama Ndoo alikuwa na magoti yaliyovimba kama mikate. Akipanda ngazi alishika chuma, akasimama kila kona, akajifanya anatafuta uchafu. Bibi hakuweza kulivumilia. Alianza na ghorofa ya nne tu, akafagia yeye. Halafu ya tatu. Baadaye akawa anamaliza zote kabla mwenzake hajaingia, kisha anamkalisha kwenye ngazi ya chini na kikombe.

"Bibi, acha," Mama Ndoo alimwambia. "Hii kazi ina mwenyewe, na mwenyewe si mimi."

"Nikae nikuangalie ukiinama na magoti hayo? Mimi nimelelewa, mwanangu."

"Na mimi nimelelewa. Ndiyo maana nakwambia acha. Huku si kwetu."

"Kunywa chai yako kabla haijapoa."

Mama Ndoo akatikisa kichwa, akanyoosha mguu, akanywa. Magoti ni kitu kibaya, humlazimisha mtu kukubali. Juu yao, kwenye pembe ya dari, palikuwa na kitu cheusi chenye jicho jekundu. Bibi alidhani ni taa mbovu. Kuna siku alimwambia mwanawe waitengeneze.

Asubuhi moja Mama Ndoo hakuja. Bibi akasema ni magoti. Kesho yake akashuka tena, chai ikapoa kwenye chupa, akapanda nayo. Ikawa hivyo siku baada ya siku, na Bibi aliendelea kufagia kila alfajiri, ili mwenzake akirudi asikute mlima wa kazi.

Aliyekuja ni msimamizi wa jengo. Alikuja jioni, kijana mwenye funguo nyingi kiunoni zinazomtangulia kama njuga. Alisimama mlangoni akasema maneno mengi huku akimtazama Bibi na kutabasamu. Mwanawe naye akaanza kutabasamu. Bibi, asiyejua lugha ile, akatabasamu pia kwa adabu.

"Bibi!" mwanawe akasema, na ilikuwa muda mrefu hajamwita hivyo. "Umepata kazi! Anasema hajawahi kuona ngazi safi kama hizi. Ufagie wewe, na sisi watatupunguzia kodi ya nyumba."

Lile tabasamu likamkauka Bibi usoni. "Na mwenzangu?"

"Nani?"

"Mama Ndoo."

Mwanawe akauliza. Msimamizi akaelekeza kidole chini, kule liliko lile jicho jekundu, akaeleza.

"Wamemwondoa, mama. Kwenye kamera anaonekana amekaa anakunywa chai, wewe ndiye unafagia."

"Mwambie nilikuwa namsaidia."

Mwanawe akasema. Msimamizi akainua mabega, akajibu kwa maneno mawili matatu, funguo zikalia.

"Anasema ndiyo, wameona."

Usiku ule hapakuwa na kelele, kulikuwa na jambo baya zaidi ya kelele. Mwanawe alikaa mbele yake, mikono yake mipana imelala mezani kama vitu vya mtu mwingine.

"Mama, unaona tunavyoishi. Mimi sikuombi ulime. Kufagia tu, kitu ambacho unakifanya bure. Huku kila mtu na lake."

"Ufagio wa mwenzangu siushiki."

"Si wa mwenzako tena."

"Nani kamnyang'anya?"

Mkwewe akaweka sahani mezani kwa nguvu kuliko sahani zinavyotaka. Mtoto akauliza, "Mama Ndoo amekufa?" akaambiwa ale.

Tangu hapo Bibi hakufagia. Aliamka saa ile ile, akasali, akamtaja Mama Ndoo mbele ya Mungu kabla hajajitaja mwenyewe, kisha akakaa kitandani amekunja mikono. Hesabu yake ilikuwa moja tu: ngazi zikichafuka, watamtaka mtu wa kuzisafisha, na mtu anayezijua ni Mama Ndoo. Lakini uchafu wa huku ulikuwa mvivu. Watu wanapangusa viatu mlangoni, vumbi halipo, karatasi moja inakaa mahali pake kama imeajiriwa. Bibi akaona akingoja hivyo atazeeka mara ya pili.

Mlangoni nje palikuwa na chungu kikubwa cha maua, maua yenyewe yameshakufa kwa baridi. Alfajiri moja alishuka na bakuli, akachota udongo kwa vidole. Akapanda nao mpaka kule juu ambako jicho haliwezi kufika. Akasimama. Tangu utotoni mikono ile haikuwahi kumwaga uchafu mahali watu wanapopita. Akasema, "Nisamehe, Bwana, najua unaona hata bila kamera," kisha akamwaga.

Alirudia tena na tena. Watu walipita. Yule wa mbwa aliuruka. Mwingine aliukanyaga akaenda nao mpaka ndani kwake. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyeuliza ghorofa ya nne kuna nini. Kwao, hata jirani aliyenuniana naye angekuwa ameshakuja, akiwa amenuna hivyo hivyo.

"Nani anamwaga udongo huko nje?" mwanawe aliuliza wakati wa chakula. Bibi akainamia sahani. Mwanawe akaziona kucha za mama yake. Akaendelea kula, na alipomaliza akamwambia, "Vaa sweta, mama, ukitoka." Bibi akaona heri angemgombeza.

Halafu, asubuhi moja nyumba ikiwa tupu, mtu akagonga.

"Hodi."

Neno lile, kwa sauti ile. Bibi hakukumbuka alivyofika mlangoni.

Mama Ndoo alikuwa amesimama ameshika chuma cha ngazi, anahema. Alivaa koti jingine, na kitambaa cha kichwani kilikuwa kile kile. Hakutoa shikamoo.

"Upo?"

"Nipo, mwanangu."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Ahaa." Mama Ndoo akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Napita hapo nje kila siku nikienda kazini. Nachungulia kwenye kioo cha mlango. Ngazi hazijaguswa, karatasi ile ile ipo pale pale. Leo hazijaguswa, kesho hazijaguswa. Nikasema ama bibi wa watu ameondoka, ama amekufa humo ndani na hakuna anayejua."

"Karibu ndani. Karibu ukae."

"Sikai."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Wakasimama. Friji ikaongea huko ndani, ikanyamaza. Mama Ndoo akatazama chini, pale alipokanyaga.

"Na udongo huu? Huu si wa viatu."

"Ni mimi. Nilitaka wakuite."

Mama Ndoo akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Wanaleta mashine, Bibi. Msimamizi aliniambia siku ananipokonya funguo: bibi akikataa, inakuja mashine. Mashine hainywi chai." Akageuka. "Usijichafue bure."

"Unafanya kazi wapi sasa?"

"Naosha masufuria hotelini. Kutwa nimesimama."

"Na magoti?"

"Magoti ninayo."

Bibi alikimbilia jikoni, akarudi na chupa ya chai. Mama Ndoo aliitazama chupa ile. Kisha akakataa kwa kichwa, polepole, akaanza kushuka, mguu mmoja mmoja, kama mtoto anayejifunza. Alipofika kwenye kona akasimama bila kugeuka.

"Nisikilize. Fagia ile ngazi ya chini kabisa. Hiyo moja tu, inaonekana kwenye kioo. Nikipita nikaiona safi, nitajua upo. Sitaweza kupanda tena."

"Nitafagia."

"Haya."

Hatua zikaendelea. Bibi akabaki mlangoni na chupa kifuani, ndipo jambo likamjia, akainama juu ya chuma akaita:

"Mama Ndoo! Na hiyo mashine ikija, ikafagia zote, utajuaje?"

Chini mlango ulifunguka, baridi ikapanda ghorofa zote nne mpaka kwenye miguu yake. Kisha mlango ukafungwa.

Bibi akaweka chupa chini. Akachukua ufagio wake, akaanza kule juu kwenye udongo wake mwenyewe, akashuka nao akiwa ameinama, mpaka kwenye ngazi ya mwisho. Hiyo aliifagia mara mbili.