Alama ya Mkono wa Mutisya

Javan hakuvua kofia alipoingia nyumbani kwangu Maringo. Hakunipa mkono wala hakunipa pole, ingawa Mutisya, mume wangu, alikuwa hajamaliza mwaka kaburini. Alipitiliza hadi mezani, akasukuma kikombe changu cha chai pembeni kama mtu anayefukuza kuku, akauliza, "Iko wapi?"

Nyuma yake alisimama Kilonzo, mdogo wa marehemu mume wangu, macho sakafuni. Yeye ndiye aliyemleta. Wazee wa ukoo wao walikuwa wamekaa kule Mwala baada ya matanga, wakaamua kwamba nyumba na vyombo ni vyangu, lakini gitaa ni chombo cha kazi cha mwanamume, liende kwa ndugu yake. Wazee wenyewe gitaa wamelisikia redioni tu. Siku ile nilinyamaza, kwa sababu mjane akibishana na wazee huambiwa majonzi yamemvuruga kichwa. Niliporudi Nairobi nikalisukuma chini ya kitanda, nikaapa kwamba anayelitaka atalichukua mbele ya macho yangu.

"Shemeji," Kilonzo akasema, "tunataka kuliangalia tu."

"Hata fisi huanza na kuangalia."

Lakini nililitoa. Afadhali nilitoe mwenyewe kuliko wainame wawili hao chini ya kitanda changu.

Huyo Javan zamani alikuwa akipiga besi kwenye hoteli za mjini. Disko zilipoingia na mabendi yakakosa kazi, akageuka dalali. Alizunguka Kaloleni, Jericho na Makongeni akibisha kwenye milango ya wajane na walevi, akinunua magitaa ya umeme ya zamani kwa niaba ya Wazungu wa ng'ambo wanaoyakusanya. Alilinyanyua gitaa la Mutisya, akafumba jicho moja akatazama kando ya shingo yake kama seremala anayepima ubao. Akalinusa. Akatoa bisibisi mfukoni, akafungua kifuniko cha nyuma, akachungulia nyaya ndani, akatabasamu peke yake.

"Hakuna mtu ameigusa hii," akasema.

"Mume wangu ameigusa."

Hakunisikia, au alijifanya hasikii. "Hii ilitengenezwa kabla viwanda vianze kukimbizana. Angalia shingo, imenyooka mpaka leo. Hizi pikapu ni zile za kwanza." Alikuwa akigonga kwa ukucha zile sumaku mbili zinazokaa chini ya nyuzi. "Rangi ni ya kiwanda. Hata hii kutu ya skrubu naitaka. Na hapa, ebu ona hapa! Mwenyewe amekula rangi na mkono wake. Mzungu akiona hii anajua hajauziwa feki."

Akapitisha kidole mahali hapo. Nilimpiga kofi mkononi akarudi nyuma.

Nieleze mahali hapo. Mutisya alipopiga gitaa, mkono wake wa kulia uliegemea ukingo wa juu, na jasho lake lilikuwa kali. Miaka na miaka ya kumbi zilizojaa watu, Bahati, Kaloleni, Thika, Machakos, jasho lile liliila rangi nyekundu, likaila ile ya njano chini yake, likafika kwenye mti mtupu. Palibaki alama ya mkono mzima, pana upande wa kiwiko, nyembamba upande wa kifundo. Palikuwa pamebonyea kidogo na pamelainika. Nikimaliza kufagia nyumba nilikuwa nalitoa gitaa, nakaa nalo, naweka mkono wangu pale. Mkono wangu ni mwembamba, haujazi. Ile nafasi iliyobaki pembeni ndiyo niliyokuwa nayo ya mume wangu.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, Kilonzo?

"Na huyo Mzungu atalipiga?" nikauliza.

Javan akacheka. "Mama, vitu kama hivi siku hizi havipigwi. Vinawekwa kwa kioo."

"Basi mwambie akajiweke yeye kwa kioo."

"Shemeji!" Kilonzo akang'aka. "Wazee walisema."

"Wazee walisema na mimi nasema. Tokeni."

Walitoka, lakini mlango wangu ni wa mabati na masikio yangu ni mazima. Nilimsikia Javan akimwambia Kilonzo pale nje: "Nakuja na pesa Jumamosi. Na wewe usiiguse. Usipanguse hata vumbi. Iwache vile iko." Kilonzo akaitikia, "Sawa, sawa." Nilimjua shemeji yangu. Sawa yake ya haraka ni ya mtu asiyeamini neno hata moja.

Na hapa lazima mtu amjue Kilonzo, ajue kichwa chake kinavyofanya kazi. Ni mchongaji. Banda lao liko Gikomba, wanaume wa kwetu Ukambani wamekaa chini kwenye machujo ya mti kuanzia asubuhi, wanachonga twiga, swala na Wamaasai wenye mikuki. Kilonzo ana mkono, hilo siwezi kumnyima hata leo. Lakini kuchonga ni nusu ya kazi. Kinyago kikitoka kwenye patasi hupigwa msasa mkubwa, kisha mdogo, kisha hupakwa kiwi, kiwi hii hii ya viatu, na kusuguliwa kwa kitambaa mpaka mti mweupe wa kawaida ufanane na mpingo. Watalii husimama pale wakasema wanapenda kitu kilivyo, cha asili, kisichopambwa. Kisha wananunua kinachong'aa. Kilichofifia hubaki kwenye rafu mpaka mchwa wakijue.

Kwa hiyo mnunuzi akimwambia Kilonzo "liache lilivyo", yeye husikia hila. Huyu, hujiambia, anataka lionekane bovu apate kuniangushia bei. Alishamwambia hivyo jirani yangu Wacuka, akaongeza na methali juu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jeneza la Mutisya alilitengeneza yeye pia. Alilipiga msasa siku nzima, akalipaka kiwi ya kahawia, likang'aa hadi waombolezaji wakajiona nyuso zao. Watu walilisifia pale kaburini kuliko walivyomsifia marehemu.

Alhamisi nilikwenda soko la Burma kununua nyama, nikamwachia Wacuka ufunguo kama kawaida, kwa sababu binti yangu Ndindi huja bila taarifa kutoka Embakasi. Niliporudi Wacuka alikuwa mlangoni kwake anachambua maharagwe ya njahi, hanitazami. Nikajua.

"Alisema umemtuma," akasema.

"Nani?"

"Shemeji yako. Mama Ndindi, mimi ningejuaje? Mtu wa familia amekuja na blanketi, anasema umemtuma achukue kitu yake..."

"Kitu yake! Wacuka, wewe ukiambiwa na mwizi nimemtuma achukue paa, utamshikia ngazi?"

"Ngai, usinipigie kelele. Si wazee wenu walimpa?"

Nilimwambia maneno ambayo hata leo hatujayamaliza. Kisha nikafunga safari hadi Gikomba na nyama yangu mkononi. Kwenye banda wakaniambia Kilonzo ametoka, hawajui ameelekea wapi. Walisema kwa sauti moja, na wanaume wakisema kwa sauti moja wanaficha. Nilimtukana kila mmoja wao kwa jina la baba yake. Hakuna aliyeinua kichwa kutoka kwenye twiga wake. Ijumaa nilirudi, na siku hiyo hata walisahau kunidanganya vizuri. Mmoja alisema amekwenda Mombasa, mwingine akasema anaumwa jino.

Jumamosi Javan alikuja na kofia yake ile ile. Nikamwambia hakuna gitaa, limeibwa, na mwizi ni rafiki yake. Hata kabla hajajibu, Kilonzo akaingia. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Mikononi alibeba blanketi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga kutoka hospitali, na uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa umejaa furaha. Akaliweka mezani.

"Sasa tuone nani atamdanganya nani," akasema, akafunua.

Liling'aa. Nyekundu imekwenda, njano imekwenda. Gitaa zima lilikuwa la rangi moja, kahawia iliyoiva, laini kuanzia ukingo hadi ukingo. Vyuma amevisugua kwa jivu na ndimu vikawa vyeupe. Skrubu zenye kutu amezitupa, ameweka mpya za shaba. Kichwani mwa gitaa, pale Mutisya alipokuwa akichomeka sigara akipiga na pakaungua shimo dogo jeusi, shimo nililomgombeza nalo miaka yote, alikuwa amejaza unga wa mti na gundi akasawazisha mpaka usingejua palikuwa na shimo.

Nilitafuta mahali pa mkono. Niligeuza gitaa kwenye mwanga wa mlango, nikaligeuza tena. Hapakuwapo.

Javan hakupiga kelele. Alivua kofia, mara ya kwanza nyumbani mwangu.

"Kazi safi," akamwambia Kilonzo. "Safi kabisa. Umefanya na mkono?"

"Na mkono. Msasa aina tatu."

"Sasa hii ni kinyago." Akaivaa kofia yake. "Mti ni ule ule, sauti ni ile ile, lakini hakuna Mzungu atagusa. Mimi nilikuwa nauza miaka. Wewe umeitoa yote ukaimwaga Gikomba na machujo."

"Lakini lilikuwa limechubuka!"

"Nilikwambia usiguse!"

"Kila mnunuzi husema hivyo!"

Walipandiana sauti mpaka watu wa mstari mzima wakatoka nje. Kilonzo akamwita tapeli, Javan akamwita mshamba. Mimi nilikuwa bado nimelishika gitaa, na harufu yake ilikuwa imeanza kunipanda kichwani. Niliijua hiyo harufu. Mara ya mwisho niliinusa Mwala, kando ya shimo la kaburi.

Kisha Javan akatulia, akatoa bisibisi. "Basi nipee hizo pikapu peke yake. Hizo ni za zamani, bado zina mtu wa kuzinunua. Hiyo mbao ingine mwende mpikie nayo chai."

Kilonzo, aibu imemkaba, akasema, "Zitoe."

Javan alinyoosha mkono. Sikumbuki nilivyofika jikoni. Ninachokumbuka ni kwamba nilirudi na ule mwiko mkubwa wa ugali, na kwamba mwiko ule ni wa mkono wa Kilonzo mwenyewe, zawadi ya arusi yangu. Nilimpiga Javan kwenye kifundo cha mkono, bisibisi ikaruka ikaenda chini ya kabati, na iko huko hadi leo.

"Atakayelifungua hili gitaa nitamfungua kichwa," nikasema. "Wewe toka. Nenda kwa wajane wengine."

Alitoka akinilaani kwa Kiluhya. Kilonzo alibaki, amekaa kwenye kiti cha ndugu yake, mikono imelala magotini, kiwi imejaa kwenye kucha.

"Baki nalo, shemeji," akasema mwishowe. "Nitawaambia wazee nimekuachia. Sasa halina faida kwa mtu."

Kwa hiyo nilishinda. Nilitaka gitaa libaki, na limebaki, hakuna ukoo wala dalali atakayelifuata tena. Nilitaka kumcheka. Nilitaka kumpiga na yeye mwiko.

"Kilonzo," nikasema, na nilimwita jina kavu, bila shemeji. "Hapa juu palikuwa na mkono wake."

"Wapi?"

"Hapa. Palipoisha rangi. Hapo palikuwa pamebonyea kwa mkono wake."

Alitazama mahali hapo kama fundi anavyotazama kazi yake. Polepole uso wake ukafunguka, na nilidhani ameelewa.

"Hapo ndipo paliponitesa," akasema. "Palikuwa na bonde. Nimeshinda hapo Ijumaa kutwa ndipo pakalingana na pengine."

Mtu nimejiandaa kumtukana na matusi yote yameniishia. Yeye akadhani kimya changu ni msamaha, akasimama, akakunja blanketi lake.

"Lakini linang'aa, shemeji," akasema mlangoni. "Hilo huwezi kulikana."

"Hata jeneza liling'aa."

Hapo ndipo alipoelewa. Nilimwona akielewa, mdomo ukamfunguka, akatazama mikono yake, kisha akaondoka bila kuaga. Wacuka alimsalimia, hakuitikia.

Nilifunga mlango. Nilikaa, nikaliweka gitaa pajani, nikaweka mkono wangu pale juu kama ilivyo desturi yangu. Ukingo ulikuwa sawasawa. Mkono wangu ulitosha, hapakubaki nafasi ya mtu mwingine. Nilipoutoa ulikuwa na mstari wa kiwi kuanzia kiwiko hadi kifundo, na niliusugua kwa sabuni ya kipande mpaka ngozi ikauma.