Makombo Ndani ya Karavani

Clifford Ormerod alikuwa na adui mmoja tu duniani, naye ana mkia. Majira ya baridi yaliyopita panya waliivamia karavani yake, nyumba ya kuvutwa na gari, ilipokuwa imelazwa shambani kwa mkulima mmoja nje ya mji wa Skipton, Uingereza, wakatafuna magodoro, wakazaa ndani ya mapazia aliyoyashona mkewe kwa mkono. Maureen hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee, Pasaka ijayo nikikuta dalili ya panya humo, hata chembe, dude hilo linauzwa."

Kuuzwa! Jamani, mtu amestaafu, magoti yanalia, raha iliyombakia ni kuivuta nyumba yake ya magurudumu hadi ufukweni Filey, akae mlangoni na kikombe cha chai akiitazama mvua. Ukimuuzia hiyo umemwachia nini?

Basi Oktoba akajifunga kibwebwe. Akarudisha mito yote nyumbani, akafagia, akaacha makabati wazi, akaziba kila tundu kwa nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Kisha mafuta ya mnanaa, kwa kuwa panya hawaivumilii harufu ile, wanasema. Alinyunyiza huyo, mpaka ukifungua mlango machozi yanakutoka.

Na kila jioni mezani, hadithi ni hiyo hiyo: panya anapenya tundu la upana gani, panya anapenda nini.

"Clifford, nakula," Maureen husema.

"Ndiyo, mpenzi, lakini mkojo wake sasa..."

Nafuu ya Maureen ilikuwa Jumatano, siku ya kwaya. Alirudi ametulia, uso umekunjuka, ananukia mnanaa. "Peremende za koo," alieleza. Clifford hakuuliza zaidi. Yeye na panya wake tu.

Jumamosi moja ya Machi walipita shambani, Maureen akabaki garini. Clifford akachungulia chini ya meza. Makombo! Makombo ya biskuti ya tangawizi, na yeye biskuti hata moja hakuacha humo. Wameyatoa wapi, mashetani hawa? Kabla hajainama, honi ikalia. Akafunga mlango, akarudi garini akitabasamu kama aliyeng'olewa jino.

"Vipi huko?"

"Shwari kabisa."

Usingizi ulimpaa. Akangoja Jumatano, na Maureen alipotoka tu kwenda kwaya, naye akashika ufagio mdogo na kwenda zake shambani kwa miguu, njia ya mkato, akajifungia ndani. Yuko chini ya meza kwa magoti, akifagia, mara akasikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Akachungulia dirishani. Lahaula! Koti la kijani, kofia ya sufu. Ni Maureen, kaja kukagua kabla ya Pasaka! Clifford akajitupa chooni, akajibana humo na ufagio wake, roho mkononi.

Lakini Maureen hakukagua kitu. Alitoa mto kwenye kikapu, akakaa. Akatoa chupa ya chai, akatoa sindano za kufumia, akatoa pakiti ya biskuti za tangawizi. Akatafuna polepole, akaimba kidogo kwa pua. Clifford anatazama kwenye upenyo wa mlango, haamini macho yake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Mnanaa ukampanda puani, akapiga chafya.

"Panya!" Maureen akaruka, sindano juu.

"Ni mimi! Usinichome!"

Wakatazamana. Kombo lilikuwa limemning'inia Maureen mdomoni.

"Na kwaya?" Clifford aliuliza.

"Kwaya ilivunjika tangu Novemba."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekaa nami nyumbani, unieleze panya." Maureen alikaa tena, uso umemwiva. "Clifford, nakupenda. Lakini tangu ustaafu hakuna chumba kisicho na sauti yako. Hapa napumua."

Ilimuuma, asikudanganye mtu. Halafu akakumbuka. "Sasa mbona ulitaka kuiuza?"

"Niiuze? Wazimu? Nilitaka uisafishe sawasawa. Bila kukutisha ungeziba tundu hata moja?"

Clifford akautazama ufagio mkononi mwake. Kisha akacheka mpaka akashika meza, na Maureen naye akashindwa kujizuia.

"Haya, nakuachia Jumatano yako," Clifford alisema, akishika kitasa.

"Nani kakufukuza, wewe? Kaa unywe chai." Akammiminia kwenye kifuniko cha chupa. "Ila kimya."

Akakaa. Mvua ikaanza kugonga paa. Mambo mawili matatu kuhusu meno ya panya yalimfika ulimini, akayameza pamoja na chai. Walipomaliza, alitandaza kiganja chake chini ya kidevu cha mkewe, naye Maureen akakung'utia humo makombo yake yote, mpaka la mwisho.