Mwenye Utepe wa Kijani

Anayepiga kelele ana pumzi, mtafute aliyenyamaza. Hilo ndilo somo la kwanza ambalo Sajini, mkuu wa matabibu wa kikosi, alimpa Koplo, na ndilo lililokuwa likimzunguka kichwani asubuhi ile majeruhi walipoanza kuingizwa kwenye darasa walilolifanya kituo chao. Lori la askari lilikuwa limekanyaga bomu barabarani. Madawati yalisukumwa ukutani, machela zikapangwa sakafuni, naye Koplo akasimama mlangoni na tepe zake mfukoni: nyekundu kwa asiyeweza kusubiri, njano kwa anayeweza, kijani kwa anayetembea kwa miguu yake, na nyeusi, ambayo haikuhitaji maelezo.

Alijizoesha kutotazama sura. Alitazama kifua kama kinapanda, kisha damu inatoka wapi, kisha akashika kifundo cha mkono. Sura humchanganya mtu.

Lakini sauti ile aliijua kabla hajainua macho.

"Dada, nimekuletea mteja."

Alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Kikosi kizima kilimwita Mdomo, kwa kuwa hata usingizini haufungi. Alikuwa amembeba dereva mgongoni, mguu wa dereva ukining'inia vibaya. Mdomo mwenyewe alikuwa na vumbi mwili mzima na mchubuko mdogo kwenye paji la uso.

Koplo alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akajikaza. Tangu wapangwe kikosi kimoja, askari walikuwa wakimtania kwamba siku Mdomo akichomwa na mwiba atafungwa bendeji kuanzia utosini, na wenzake wasubiri hadi zishonwe nyingine. Alicheka nao, lakini maneno yale yalimkaa. Hakutaka mtu aseme kwamba damu ya ndugu yake ni nzito kuliko ya wengine. Kwa hiyo hakumfungua shati. Hakumgusa tumbo. Alimwuliza tu kama ameumia, na Mdomo akajibu kwamba ameumia heshima, maana ametupwa chini kama gunia la mkaa, tena kwa ubavu. Koplo akamfunga utepe wa kijani kwenye kifundo cha mkono na kumgeukia dereva, akamfunga wa njano.

Pale kituoni mwenye kijani hahesabiwi mgonjwa. Anapewa kazi, kwa sababu mikono haitoshi. Mdomo akapewa machela. Alibeba, akarudi, akabeba tena, huku akiwachekesha hata waliokuwa wakiuma meno kwa maumivu. Kila alipopita aliomba maji. Baadaye alilalamika kwamba machela zimemtegua bega la kushoto. Koplo alikuwa amepiga magoti, ngumi yake imezama kwenye paja la askari aliyekuwa akivuja damu, na habari ya bega ilipita akilini mwake kama mjusi anavyopita ukutani. Aliwahi kufundishwa jambo fulani kuhusu bega la kushoto la mtu aliyeangukia ubavu. Lakini ngumi yake haikuweza kuondoka pale, na lile jambo likapotea.

Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, Sajini akaagiza kila mtu akaguliwe upya, wa kijani pia. Utepe si kitambulisho, alizoea kusema, mtu hubadilika. Koplo akawapitia mmoja mmoja, hadi akamfikia Mdomo, ambaye sasa alisimama dirishani akimshikia dereva mfuko wa dripu. Askari mmoja akacheka na kumwambia Koplo amruke huyo, la sivyo atadai likizo. Wengine nao wakacheka.

"Nasikia baridi," Mdomo akasema.

Bati la paa lilikuwa likialika kwa joto. Koplo akamwambia kama anasikia baridi akaote jua, na akampita.

Gari la wagonjwa likafika. Waliingizwa wenye nyekundu wote, ikabaki nafasi moja. Sajini akauliza kama kuna mwekundu mwingine. Koplo akazungusha macho darasani, machela kwa machela, akasema hakuna. Nafasi ile akapewa wa njano aliyevunjika mkono, na gari likaondoka na vumbi lake.

Alikuwa akinawa mikono alipotambua kwamba darasa limekuwa kimya. Si kimya cha watu waliopata nafuu. Kulikuwa na sauti iliyokosekana. Akaacha maji yakimwagika, akageuka.

Mfuko wa dripu ulikuwa umefungwa kwenye nondo ya dirisha kwa utepe wa kijani. Dereva akamweleza, bila wasiwasi, kwamba jamaa alichoka mkono, amekaa hapo chini apumzike.

Mdomo alikuwa ameegemea ukuta, miguu imenyooka, midomo ina rangi ya majivu. Koplo akamshika kifundo cha mkono, ambacho sasa hakikuwa na utepe. Kilikuwa baridi na chenye jasho, mapigo yanakimbia, membamba kama uzi. Hapo ndipo alipomfungua shati. Ubavu wa kushoto ulikuwa mweusi, na tumbo gumu kama ubao. Lile jambo la bega likamrudia: bandama ikivuja damu ndani, maumivu hupanda hadi bega la kushoto.

Sajini akaja, akabonyeza, akatazama pembeni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba bandama imepasuka, damu inajaa ndani, na hapa hakuna wa kupasua. Wapasuaji wako huko gari lilikokwenda. Akakimbilia redio kuliita lirudi. Redio ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena.

Koplo akamchoma ndugu yake dripu, akaipakata miguu yake ili iinuke juu ya kifua, akatoa utepe. Vidole vyake viligusa mweusi kwanza. Akauacha mfukoni, akafunga mwekundu, mafundo mawili.

Mdomo akautazama. "Dada, rangi hii sikuiomba."

"Nyamaza," Koplo akamwambia, kisha akalisikia neno lake mwenyewe. "Hapana. Ongea, mdogo wangu. Ongea, usinyamaze."

"Niongee nini?"

"Chochote."

Redio iliendelea kukwaruza. Nje, barabara ilikuwa nyeupe na tupu. Mdomo, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alifumba macho akatafuta la kusema, na dada yake akainama karibu na midomo yake, akasubiri.