Mkono wa Bombani

Mama Pacha wa nyumba ya pili anadai kwamba yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutembelewa. Alikuwa anaosha masufuria uani, asema, bomba likakohoa kidogo, ukatoka mkono wa mwanamume mpaka kwenye kiwiko, ukafunga koki, ukarudi ndani. Mkono msafi, kucha zimekatwa vizuri, una saa inayosoma majira ya kwingine. Mama Pacha hutia chumvi hata kwenye salamu, lakini safari hii hakutia.

Kufikia mwisho wa wiki mkono ulikuwa umetokea karibu kila nyumba yenye bomba. Ulifungua maji, ukafunga, ukafungua tena. Watu wakauzoea. Mwenye haraka ya kuteka maji aliugonga kidogo kwenye kifundo, nao ukasogea. Kinyozi aliupa sabuni.

Mtunza pampu, aliyemsikiliza Mama Pacha mpaka mwisho, hakucheka wala hakushangaa. Yeye alifanya kazi kwenye kituo cha maji kilimani, akiangalia dawa inavyoingia kwenye maji kabla hayajashuka mjini. Alijua mkono ulikopitia, na si yeye peke yake. Kituo kizima kilijua. Meneja, mume wa dada yake, alipenda kulitazama tangi kwenye simu akiwa nyumbani, hata akiwa harusini. Ili apate kutazama, kompyuta ya kituo iliachwa wazi kwenye mtandao mchana na usiku, na neno lake la siri lilikuwa "maji", vile vile walivyoliweka mafundi walioileta, ili mtu asilisahau.

"Shemeji, huyo anapita mlangoni kwako," mtunza pampu alimwambia meneja.

"Mlango upi? Getini nina walinzi, tena wana mbwa."

"Mbwa atamng'ata nani, na mtu yuko ng'ambo?"

"Wewe nawe! Mkono unafungua na kufunga bomba tu. Haujaiba hata kikombe."

"Haujaiba. Unajifunza."

"Wasiwasi wako ungekuwa unauzwa, shemeji, leo tungekuwa matajiri," meneja akasema, akarudi kwenye simu yake.

Siku chache baadaye, asubuhi, namba ya dawa kwenye kioo cha kompyuta ilianza kupanda bila mtu kuigusa. Dawa kidogo huua vijidudu. Ikizidi huunguza koo la anayekunywa, na wa kwanza kupokea maji ya kilimani ni hospitali ya wazazi. Mtunza pampu hakupiga kelele. Alivua viatu, maana sakafu ilikuwa na maji, akaenda kwenye koki kubwa ya dawa, ile ya zamani ya kuzungushwa kwa nguvu. Mkono ulikuwa umeshafika. Ulikuwa umechomoza kwenye bomba na kushika gurudumu la koki upande wa pili.

"Mgeni," akasema huku akivuta, "huko chini kuna wanawake waliojifungua leo. Achia."

Mkono haukuachia. Lakini mtunza pampu alikuwa amebeba ndoo tangu utotoni, kabla bomba halijafika mjini, na nguvu zake hakuazima kwa mtu. Mkono wa mgeni ulikuwa mlaini, mkono wa kubonyeza vitufe. Vidole vikateleza kimoja kimoja, koki ikafungika kwa mlio, dawa ikakoma. Mkono ukampungia kwaheri, ukarudi ndani. Mtunza pampu akavaa viatu vyake.

Kamati ya maji ilipokutana, alipigiwa makofi. Kisha mwenyekiti akasema fedha za ulinzi zipo, ila zinatosha jambo moja. Mtunza pampu akataka aletwe fundi wa kuifunga kompyuta sawasawa na kuwafundisha wote kituoni. Meneja akataka ukuta uinuliwe na kupakwa rangi.

"Ukuta unaonekana," alisema meneja. "Mgeni rasmi akija tutamwonyesha nini, neno la siri?"

Wajumbe wakacheka, wakapiga kura. Nusu walinyoosha mikono kwa ajili ya kompyuta, nusu kwa ajili ya ukuta. Pembeni mwa ukumbi palikuwa na sinki. Bomba lake likakohoa, mkono ukatoka, ukanyooka juu pamoja na watu wa ukuta. Mwenyekiti, mtu wa kufuata taratibu, akauhesabu.

"Ukuta umepita," akasema.

Mjumbe mmoja aliuliza kama mkono ni mkazi wa hapa. Akaambiwa asiwe na roho mbaya.

Mtunza pampu akasimama. "Jengeni ukuta wenu, sina neno. Mimi kesho nitakuwa kwenye koki, na akija nitamshinda tena. Lakini na mimi ni mtu, hulala. Shemeji, kuifunga ile njia ya simu yako hakuhitaji fedha ya kamati. Nakuomba uifunge sasa hivi, hapa hapa, tukuone."

Meneja alikuwa na simu mkononi. Tangi lilikuwa limejaa, lina rangi nzuri ya bluu, naye alikuwa anamgeuzia mwenyekiti simu apate kuliona. Mwenyekiti akalitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza kama kuna mengineyo. Akauona mkono umenyooshwa tena pale sinkini.

"Karibu, mjumbe," akasema.